Si kila aliyekosa adabu ni mwonevu

Mwanafunzi wa uuguzi akisonya mwenzake anapojibu swali, utasikia ameonewa. Akichelewa zamu, hana adabu. Akimuuliza mkufunzi swali la pili, huyo naye hana adabu. Mambo matatu tofauti yametiwa kapu moja, ndiyo maana hata yanaposhughulikiwa hayatibiki.

Utovu wa adabu ni tendo dogo la kuvunja heshima ambalo nia yake ya kuumiza haiko wazi. Ndivyo watafiti Andersson na Pearson walivyoueleza mwaka 1999 walipoandika kuhusu sehemu za kazi. Kusonya, kubetua midomo, kukonyezana mwenzenu anapowasilisha kesi, kumwacha mmoja nje ya kundi la WhatsApp la wodi. Ukimuuliza aliyefanya atajibu, "Mbona sikuwa na maana hiyo?" na huenda anasema kweli.

Hapo kwenye nia ndipo watu wanapopotea. Uonevu hauna utata huo: unamlenga mtu yuleyule, unarudiwa, na mtendaji ana nguvu fulani juu yake. Mwanasaikolojia Heinz Leymann aliweka kipimo kikali cha unyanyasaji wa aina hiyo kazini: angalau mara moja kwa wiki, kwa angalau miezi sita. Utovu wa nidhamu nao ni kuvunja kanuni iliyoandikwa. Kukosa zamu ni utovu wa nidhamu. Kujaza kwenye chati shinikizo la damu ambalo hukulipima ni udanganyifu, tena wa hatari, hata kama uliujaza kwa tabasamu na shikamoo.

Udogo wa tendo haumaanishi udogo wa madhara. Chukua mwanafunzi anayetakiwa kuvuta miligramu 75 kutoka kichupa chenye miligramu 100 katika mililita 2. Anauliza, "Ni mililita moja na nusu, sivyo?" Wenzake wanaangua kicheko. Hesabu yake ilikuwa sahihi, lakini kesho hatauliza, na kesho huenda amekosea. Utafiti wa Israeli uliochapishwa mwaka 2015 ulijaribu timu 24 za wodi za watoto wachanga kwa mgonjwa wa kuigiza: zilizoambiwa maneno ya kejeli zilifanya vibaya zaidi katika kutambua ugonjwa na katika kuhudumia, kwa sababu watu walipunguza kupeana taarifa na kuombana msaada.

Kwa kuwa nia haijulikani, dawa ya kwanza ni kuisema tabia, si kumhukumu mtu. Muuguzi mtafiti Martha Griffin, mwaka 2004, aliwafundisha wauguzi wapya sentensi za kujibu na kuwafanyisha mazoezi mapema, kwa sababu ukishakasirika hutungi kitu cha maana. Mfano wa sentensi: "Nimeona umebetua midomo nilipouliza dozi. Kama kuna nilichokosea, niambie moja kwa moja." Iseme siku hiyohiyo, mkiwa wawili, mbali na kitanda cha mgonjwa. Mambo huharibika mtu anapoanza na "wewe kila siku", au anapongoja wiki tatu kisha akamwaga yote kwa mkupuo. Kamati ya nidhamu ije baadaye, tabia ikirudiwa. Ukianza nayo, mshtakiwa atasema hakukusudia na kesi itaishia hapo.

Makubaliano ya darasa ya wiki ya kwanza husaidia, ila yasiandikwe "tuheshimiane", maana hakuna anayepinga hilo na hakuna anayelitekeleza. Yaandikwe hivi: swali la dozi halichekwi, anayewasilisha hakatizwi mpaka amalize.

Mkufunzi anayemfokea mwanafunzi mbele ya mgonjwa naye yumo. Cynthia Clark, aliyeandika sana juu ya jambo hili katika elimu ya uuguzi, huhesabu pande zote mbili. Na yule aliyeuliza swali la pili kwa sauti ya kawaida, akitaka kujua kwa nini dawa ile inapewa polepole, afutwe kwenye orodha. Ameuliza tu, na anastahili jibu.