Hisa za madini za nje: pima mgodi, usipime nchi tu

Hapa Malindi watu wananunua hisa za kampuni za dhahabu na shaba za Canada, Australia na London kwa simu, wengine kwa pesa za chama. Swali huwa lile lile: nchi yenye mgodi ni salama? Swali hilo ni pana mno.

Tazama Tanzania. Machi 2017 serikali ilipiga marufuku kusafirisha nje makinikia, yaani mchanga wenye madini ambao bado haujayeyushwa. Acacia, kampuni ya dhahabu iliyoorodheshwa London, ilikuwa na migodi mitatu huko. Bulyanhulu na Buzwagi ilitegemea makinikia, ikakwama. North Mara, uliokuwa ukiyeyusha dhahabu yake papo hapo kuwa matofali, uliendelea kuuza. Nchi moja, kampuni moja, amri moja. Kwa hiyo anza na hili: mgodi unatoa nini, na mzigo unapitia wapi?

Kisha leseni yenyewe. Mfano uko pwani yetu, mlima Mrima kule Kwale. Leseni ya kuchimba ya kampuni ya Cortec ilitolewa Machi 2013, ikafutwa Agosti mwaka huo huo. Wawekezaji walikwenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, na mwaka 2018 jopo likasema halina mamlaka ya kusikiliza dai, kwa kuwa leseni ilipatikana bila kutimiza masharti ya kisheria ya mazingira. Wengi huuona mkataba wa kulinda wawekezaji kama bima. Haukingi leseni iliyopatikana kombo.

Panama ni vivyo hivyo, na dalili zilikuwa wazi. Mahakama ya Juu ilikwisha kuubatilisha mkataba wa zamani wa Cobre Panamá, mgodi wa shaba wa kampuni ya First Quantum, mwaka 2017. Mkataba mpya ulipopitishwa 2023, watu waliingia barabarani, na Novemba mahakama ikaubatilisha nao. Mgodi ulifungwa; hisa za First Quantum zilipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake kwa wiki chache.

Sasa hesabu. Tuseme unaona hatari ya kunyang'anywa mgodi ni 5% kwa mwaka. Yaonekana ndogo, lakini kwa miaka 10 nafasi ya kubaki nao ni kama 60% tu (0.95 mara 0.95, hivyo hivyo mara 10).

Hata hivyo kunyang'anywa ni nadra kuliko kukamuliwa. Mwaka 2017 Tanzania ilipandisha mrabaha wa dhahabu, yaani fungu ambalo serikali hulipwa kwa madini yanayochimbwa, kutoka 4% hadi 6%. Mrabaha hukatwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Hapo ndipo wengi hukosea. Mgodi unaobakiwa na shilingi 30 katika kila 100 za mauzo hupoteza 2, yaani kama 7% ya faida. Unaobakiwa na 10 hupoteza moja ya tano. Ndiyo maana naupendelea mgodi wa gharama nafuu katika nchi yenye misukosuko kuliko mgodi ghali katika nchi inayosifiwa.

Katika ripoti ya mwaka, soma jedwali la mapato kwa kila nchi. Nchi moja ikishika zaidi ya nusu, mimi singeweka humo pesa ya chama. Halafu tafuta VAT ambayo kampuni inaidai serikali. Deni hilo likipanda robo baada ya robo bila kurejeshwa, uhusiano umeanza kuharibika, hata kama mkurugenzi anausifu kwenye kurasa za mbele.