Sungura kwenye sakitu: alama zake zinavyosomwa vibaya

Kila Juni na Julai picha za Makete na Kitulo, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: nyasi nyeupe pe, na chini yake mtu kaandika "theluji imeanguka". Haijaanguka. Theluji hutoka mawinguni. Ile ya uwanda wa Kitulo, mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, ni sakitu: usiku usio na mawingu ardhi hupoteza joto hadi chini ya nyuzi 0, na mvuke wa hewani ukaganda juu ya majani. Kwa anayetafuta alama za sungura, tofauti hiyo ina maana. Theluji ina kina, mguu huzama na kuacha umbo. Sakitu ni utando tu. Sungura akipita anaupangusa, unabaki mstari wa kijani kwenye weupe, na jua likipanda hata huo haupo. Umbo la mguu katafute kwenye tope la kando ya mfereji.

Hapo ndipo wengi hupotea njia. Wanaona alama nne: mbili ndogo zimefuatana, mbili kubwa na ndefu ziko sambamba. "Miguu ya mbele hutangulia, kwa hiyo kaelekea zilipo ndogo." Kinyume chake! Sungura akiruka, miguu ya mbele hutua kwanza, kisha ile ya nyuma huipita kwa nje na kutua mbele yake, tayari kusukuma mruko unaofuata. Alama kubwa ndizo zinazoonyesha aendako, iwe kwenye theluji ya Ulaya au tope la Mbeya. Usisubiri kuona alama za vinundu laini vya chini ya mguu kama vya mbwa, maana nyayo za sungura zimefunikwa manyoya, hivyo alama huwa na kingo zilizofifia.

"Fuata alama utafika kwenye shimo lake." Huyo ni sungura wa bandani unayemwaza. Asili yake ni Ulaya, huchimba, na watoto wake huzaliwa vipofu, hawana manyoya. Sungura pori wetu ni jamii nyingine: hulala juu ya ardhi, kwenye kilazio kisicho na kina chini ya kichaka au nyasi, na watoto wake huzaliwa na manyoya, macho wazi. Tena kabla ya kulala anaweza kurudi juu ya alama zake mwenyewe, kisha akaruka pembeni. Alama zikikatika ghafla, wazee wa uchawi wana maelezo yao. Mimi ningeanza kwa kurudi nyuma hatua kadhaa na kuchungulia pande zote mbili.

Wapo pia wanaosema sungura wa huku kwenye baridi naye hugeuka mweupe kama wale wa Kanada. Wale hawabadilishwi na theluji yenyewe. Urefu wa mchana ndio unaoamuru manyoya, ndiyo maana theluji ikichelewa hubaki weupe kwenye ardhi ya kahawia, wakaonekana na kila mwindaji. Mbeya mchana mrefu na mfupi hupishana kama saa moja tu, na sungura wetu hubaki na rangi yake ya majani makavu.

"Mnyama mdogo, kumwinda hakuhitaji kibali." Kunahitaji. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inataka kibali cha kuwinda, na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo kuwinda hakuruhusiwi kabisa.

Lakini lawama kubwa huangukia shambani: njegere zikiliwa, kala sungura. Tazama shina kwanza. Sungura ana meno makali juu na chini, hukata mshazari, safi kama kisu. Mbuzi na swala hawana meno ya mbele ya juu; wao huvuta na kurarua, shina likabaki na nyuzi. Ukiona nyuzi, kamuulize jirani mwenye mbuzi. Ukiona mkato safi karibu na mto, usimhukumu sungura bado, ndezi, yule panya mkubwa wa majani, naye hukata hivyohivyo. Tafuta kinyesi: cha sungura ni vidonge vya duara vikavu, vimejaa nyuzi za majani.