Mama, hicho kibovu ndicho nilichokitaka

Jumatatu nimepokea viti vya pweza (wale wanyama wa bahari wenye umbo la nyota) 14 vya karatasi, kazi ya nyumbani ya watoto wangu wa miaka 4. Kati ya hivyo, 9 vimekatwa barabara: mikono mitano mitano, pembe kali, rangi haikuvuka mstari. Mtoto wa miaka 4 hakati hivyo. Mama mmoja aliponiona nakigeuzageuza cha mwanawe akasema, "Mwalimu, nimemsaidia tu, chake kilikuwa kibovu." Kauli hiyo nimeshaisikia vya kutosha. Mama, hicho kibovu ndicho nilichokitaka.

Sifundishi kupamba ukuta. Mtoto anapochana gazeti apate magamba ya samaki, gumba na kidole cha shahada vinabana, mkono mmoja unavuta huku, mwingine kule. Vidole hivyohivyo ndivyo vitakavyoshika penseli. Ukimchania, zoezi umelifanya wewe.

Walimu wa awali tunapenda kuwaeleza wazazi habari za mifupa 8 ya kifundo cha mkono: mtoto huzaliwa ikiwa gegedu, yaani bado laini, na huchukua miaka kukomaa. Ni kweli, ila kama sababu ya kumchelewesha kuandika, siku hizi nasita kuitumia. Nina watoto wawili wa umri mmoja. Mmoja anakata, mwenzake hajui hata kuufungua mkasi. Huyu wa kwanza nyumbani anaachiwa kuchambua mchele na kumenya vitunguu saumu.

Sasa mkasi. Wazazi wanautazama mkono ulioshika mkasi, mimi nautazama ule mwingine. Mkono wa mkasi kazi yake ni kufungua na kufunga, gumba likiwa juu na kiwiko kimetulia ubavuni. Ule wa pili ndio unaoshika karatasi, unaisogeza, unaigeuza. Mtoto asiyejua kugeuza karatasi hupindisha mwili mzima kuufuata mstari, mpaka kiwiko kinafika sikioni. Ndiyo maana naanza na pweza: kipande cha karatasi ngumu, mikato 7 mifupi kwenye ukingo, mikono 8 imepatikana. Hakuna kugeuza. Akikata 5 akapata 6, tunahesabu pamoja na pweza wake anabandikwa vilevile. Baada ya hapo mstari mrefu ulionyooka, kisha uliopinda, na pembe mwisho kabisa, maana pembe ya ndani inataka asimame, ageuze, aanze tena.

Kwa hiyo kosa la kwanza lilikuwa langu. Kiti cha pweza kina pembe za ndani tano. Niliwapelekea kazi iliyowazidi, wazazi wakaona mtoto analia, wakachukua mkasi.

(Mtoto wa mashoto atafutiwe mkasi wa mashoto, huu wa kawaida humziba mstari.)

Wiki hii natuma makombe, yale magamba ya pwani. Maji yakipwa tutatafuta yale yenye kitundu kimoja cha duara, kama kimetobolewa kwa keekee. Hicho ni kazi ya konokono wa baharini aliyemla mnyama wa ndani ya kombe. Kila mtoto atapewa ukindu mmoja, ule wa kusukia mikeka; ukindu haulegei kama uzi, unapita kitunduni bila sindano. Mkono mmoja utashika kombe, mwingine utasukuma, kisha utaachia na kwenda kuupokea ukindu upande wa pili. Hapo kwenye kupokea ndipo wengi wanapokwama, wakati mwingine dakika nzima. Mzazi, kaa karibu, maana kombe dogo linaingia mdomoni upesi. Mikono yako iweke mapajani.