Mussolini Hakuwa Dikteta Mpole: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Ufashisti wa Italia

Kila wanapotajwa madikteta wa karne iliyopita, Benito Mussolini hupata afueni asiyoistahili. Akiwekwa kando ya Hitler, huonekana mtu wa majigambo na hotuba za roshani, ambaye kosa lake kubwa lilikuwa kuchagua rafiki mbaya. Maelezo haya yameenea hata Afrika Mashariki, ambako Waitaliano wa zama hizo hukumbukwa zaidi kama mateka wa vita waliokuwa mafundi hodari, wale waliojenga kanisa dogo la Mai Mahiu, kando ya barabara iendayo Naivasha, mwaka 1942. Upole huo unaonekana tu pale mtu anapohesabu wafu wa Italia na kuwaacha wa Libya na Ethiopia, na anapodhani kwamba hakuna mateso pasipo risasi.

"Alipindua serikali kwa maandamano ya Roma."

Mwishoni mwa Oktoba 1922 maelfu ya vijana wa mashati meusi, yaani wanamgambo wa kifashisti, walikusanyika nje ya Roma, wengi wao wakiwa na silaha hafifu, na jeshi lilikuwa na uwezo wa kuwatawanya. Waziri Mkuu Luigi Facta aliandaa amri ya hali ya hatari, lakini Mfalme Vittorio Emanuele III akakataa kuitia saini. Mussolini mwenyewe hakuandamana. Aliwasili tarehe 30 Oktoba kwa treni ya usiku kutoka Milano na kukabidhiwa serikali na mfalme. Uchaguzi wa mwaka uliotangulia ulikuwa umewapa mafashisti viti 35 tu, ila Bunge lilimpa kura ya imani kwa 306 dhidi ya 116, kwa sababu waliberali na Wakatoliki wengi waliamini kwamba akishaonja madaraka atatulia. Hakutulia. Mbunge msoshalisti Giacomo Matteotti, aliyesimama bungeni tarehe 30 Mei 1924 na kueleza jinsi uchaguzi wa mwaka huo ulivyochafuliwa kwa vipigo na vitisho, alitekwa siku 11 baadaye na kuuawa. Ilipofika Novemba 1926 vyama vyote vingine vilikuwa vimepigwa marufuku. Milango ilifunguliwa kutoka ndani, na waliofungua walikuwa watu wenye heshima zao.

"Angalau treni zilifika kwa wakati."

Dhana hii ndiyo inayorudiwa zaidi na ndiyo nyepesi zaidi kuijibu. Ukarabati wa reli zilizochakaa katika Vita vya Kwanza vya Dunia ulianza kabla ya Mussolini, na sifa ya kuwahi ilitokana na njia kuu walizopitia watalii na waandishi wa kigeni, si na njia za vijijini. Magazeti yalipokea maagizo ya serikali kuhusu nini kiandikwe na nini kinyamaziwe, kwa hiyo msafiri aliyechelewa hakuwa na mahali pa kulalamika. Nao maelfu ya wafanyakazi wa reli walifukuzwa, wengi kwa sababu ya siasa zao au kwa kuwahi kugoma.

"Waitaliano wote walimpenda, kura zinathibitisha."

Kura ya mwaka 1929 ilitangazwa kuwa na "ndiyo" zaidi ya asilimia 98, na ile ya 1934 zaidi ya asilimia 99. Lakini mpiga kura hakuwa na wagombea wa kuchagua. Alipewa orodha moja ya kukubali au kukataa. Karatasi ya "ndiyo" ilikuwa na rangi za bendera ya taifa na ile ya "hapana" ilikuwa nyeupe tupu, hivyo waliosimamia kituo hawakupata taabu kujua nani amesema nini.

Maisha ya kila siku ndiyo yanayoeleza vizuri zaidi jinsi ridhaa hiyo ilivyopatikana. Katika miaka ya mwanzo adhabu ya kijijini ilikuwa rungu na mafuta ya mbarika: mwalimu, kiongozi wa ushirika au fundi aliyejulikana kwa usoshalisti alikamatwa mbele ya watu, akanyweshwa mafuta hayo kwa nguvu, na kuachwa ajiharishe njiani ili aibu imnyamazishe yeye na majirani zake. Baadaye serikali haikuhitaji rungu mara kwa mara, kwa kuwa ilikuwa na karatasi. Kuanzia 1933 kadi ya chama ilidaiwa kwa anayeomba kazi serikalini, na watu wenyewe waliiita "kadi ya mkate". Mtoto alisoma katika kitabu kimoja kilichoandaliwa na serikali kwa shule zote za msingi, na alasiri akavaa sare ya Balilla, jumuiya ya watoto ya kifashisti, na kufundishwa kupiga kwata. Mwanamume aliyefika miaka 25 bila kuoa alilipa kodi ya ukapera. Migomo ilikatazwa mwaka 1926, kisha mishahara ikapunguzwa kwa amri mwaka 1927 na tena 1930, na hakuna chama huru cha wafanyakazi kilichobaki cha kupinga.

Mwaka 1931 maprofesa wote wa vyuo vikuu, zaidi ya 1,200, walitakiwa kuapa utii kwa utawala wa kifashisti. Waliokataa walikuwa kama kumi na wawili tu, miongoni mwao mwanahisabati Vito Volterra na mwanahistoria Gaetano De Sanctis, na wote walipoteza nafasi zao. Wengi walioapa hawakuwa mafashisti wa moyo. Walikuwa na familia, maabara na maktaba wasizotaka kuziacha. Sioni haki kuwahukumu kwa urahisi tukiwa mbali na hofu yao. Lakini si haki pia kuita hofu mapenzi. Walikuwapo pia waliompenda kwa dhati, hasa Ethiopia ilipotekwa, na kuwakana ni kuipotosha historia kwa upande wa pili.

"Wapinzani walipelekwa tu visiwani kupumzika."

Mwaka 2003 Silvio Berlusconi, akiwa Waziri Mkuu wa Italia, alisema kwamba Mussolini hakuua mtu bali aliwapeleka watu likizo. Likizo hiyo ilikuwa uhamisho wa lazima katika Ustica, Lipari, Ponza, Ventotene na Tremiti, au katika vijiji vya kusini vilivyokosa daktari na barabara. Haukuhitaji kesi. Kamati ya mkoa iliweza kumtoa mtu nyumbani kwake hadi miaka mitano, na muda huo ukaongezwa, kwa sababu ya kijikaratasi cha siri, barua ya jirani mwenye chuki, au mzaha kuhusu kiongozi ulioponyoka mdomoni kilabuni. Zaidi ya watu 10,000 walipita huko. Mwaka 1939 wanaume wa Catania walioshukiwa kuwa mashoga walikusanywa katika kisiwa cha San Domino. Posho ya kujikimu, iliyokuwa lira 10 kwa siku, ilikatwa hadi 5, huku familia zilizobaki nyuma zikikosa mlezi.

Kando ya visiwa kulikuwa na magereza. Mahakama Maalumu iliyoundwa mwaka 1926 iliwafunga watu zaidi ya 4,000. Antonio Gramsci, mbunge aliyepaswa kulindwa na kinga ya Bunge, alikamatwa Novemba mwaka huo na kuhukumiwa miaka zaidi ya 20. Afya yake ilivunjika akiwa kifungoni, na alifariki Aprili 1937. Hukumu za kifo zilizotekelezwa na mahakama hiyo hadi 1943 zilikuwa 31, na wengi wa waliouawa hivyo walikuwa Waslovenia na Wakroatia wa mpakani mwa mashariki, ambao lugha zao zilikuwa zimefutwa mashuleni na majina ya koo zao kubadilishwa yasikike ya Kiitaliano. Idadi hiyo ndogo ndiyo inayotajwa kama ushahidi wa upole. Haiwahesabu waliouawa na magenge ya mashati meusi kabla ya 1926, wala ndugu wawili wapinzani, Carlo na Nello Rosselli, waliouawa Ufaransa Juni 1937, wala mtu hata mmoja wa Afrika.

"Ubaguzi wa rangi waliletewa na Hitler."

Sheria dhidi ya Wayahudi zilitoka kuanzia Septemba 1938, na ni kweli kwamba wakati huo Roma na Berlin zilikuwa zimekaribiana. Hata hivyo, tarehe zenyewe zinaonyesha kwamba ubaguzi wa kisheria ulianzia makoloni. Aprili 1937, zaidi ya mwaka mmoja kabla, amri ya serikali ilitangaza kifungo cha mwaka mmoja hadi mitano kwa raia wa Italia atakayeishi kinyumba na mtu wa Ethiopia, Eritrea au Somalia. Mwaka 1940 sheria nyingine ikamzuia baba Mwitaliano kumtambua mtoto aliyezaa na mwanamke wa Kiafrika. Walioandika sheria za kuwatenga Wayahudi walikuwa wamekwisha kujifunza kazi hiyo kwa Waafrika.

Mwaka 1938 watoto wa Kiyahudi walitolewa shule za serikali, walimu wao wakafukuzwa, na ndoa kati yao na wale walioitwa Waarya zikapigwa marufuku. Agosti mwaka huo Wayahudi walikuwa wamehesabiwa na kuorodheshwa nyumba kwa nyumba, na orodha za aina hiyo ndizo zilizorahisisha kukamatwa kwao Wajerumani walipoikalia nchi. Tarehe 16 Oktoba 1943 Wajerumani waliwasaka Wayahudi wa Roma. Zaidi ya 1,000 walipelekwa Auschwitz, wakarudi 16. Tangu amri ya tarehe 30 Novemba mwaka huo, iliyotolewa na serikali ambayo Mussolini, baada ya kuondolewa madarakani Julai 1943, aliiunda kaskazini chini ya Wajerumani, polisi wa Italia nao waliwakamata Wayahudi na kuwapeleka kambini. Maelfu ya Wayahudi waliotolewa Italia hawakurudi. Waitaliano wengi waliwaficha majirani zao, mapadri na watawa wakiwamo, na sifa hiyo ni yao wenyewe, haiwezi kuhamishiwa kwa utawala waliouvunjia sheria.

"Waitaliano walikuwa wakoloni wema."

Ili kuvunja upinzani ulioongozwa na Omar al-Mukhtar huko Cyrenaica, mashariki mwa Libya, kati ya 1930 na 1933 watu wapatao 100,000, wengi wao wafugaji, waling'olewa na mifugo yao na kufungiwa katika kambi za jangwani, ambako maelfu kwa maelfu walikufa kwa njaa na magonjwa. Al-Mukhtar mwenyewe, mzee wa miaka zaidi ya 70, alinyongwa Septemba 1931 mbele ya watu wake.

Ethiopia ilivamiwa tarehe 3 Oktoba 1935. Italia ilikuwa imetia saini Itifaki ya Geneva ya 1925 inayokataza gesi ya sumu, lakini ndege zake zilimwaga gesi ya haradali juu ya askari, vijiji na mito, kwa idhini ya Mussolini mwenyewe. Haile Selassie aliyaeleza hayo mbele ya Shirikisho la Mataifa mwezi Juni 1936, na waandishi wa Kiitaliano waliokuwa ukumbini wakampigia miluzi. Serikali ya Italia ilikiri rasmi matumizi ya gesi hiyo mwaka 1996, miaka 60 baadaye.

Tarehe 19 Februari 1937 vijana wawili, Abraha Deboch na Moges Asgedom, walimrushia mabomu ya mkono Rodolfo Graziani, mtawala wa Italia mjini Addis Ababa. Kisasi kilidumu siku tatu. Mashati meusi na raia wa Kiitaliano waliingia mitaani na marungu, visu na petroli, wakachoma nyumba za udongo watu wakiwa ndani. Ethiopia inataja waliouawa kuwa 30,000, na wanahistoria wanaokadiria kwa uangalifu zaidi hutaja idadi inayokaribia 20,000. Mwezi Mei watawa wa Debre Libanos nao wakapigwa risasi kwa mamia. Wafungwa wengi walipelekwa kambi ya Danane, katika pwani ya Somalia, na wengi hawakutoka hai.

Vita hivyo viliwagusa Waafrika Mashariki tangu mwanzo. Jomo Kenyatta alikuwa miongoni mwa Waafrika waliojipanga London mwaka 1935 kuitetea Ethiopia. Wakimbizi wa Kihabeshi walipokelewa Kenya, wakawekwa Isiolo na baadaye Taveta. Mwaka 1941 askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza) walikuwa sehemu ya jeshi lililotoka Kenya kuwafukuza Waitaliano. Lakini walipovuka mpaka waliikuta nchi ambayo wazalendo wake, chini ya viongozi kama Abebe Aregai wa Shewa, walikuwa hawajaweka silaha chini kwa miaka mitano.

"Upinzani ulianza 1943, nao ulikuwa wa wanaume wenye bunduki."

Mapema kama Agosti 1922 wakazi wa Parma walichimba mahandaki mitaani na kuwarudisha nyuma mashati meusi. Mwaka 1929 Carlo Rosselli, Emilio Lussu na Francesco Fausto Nitti walitoroka Lipari kwa mashua ya injini, na huko Paris likazaliwa kundi la wapinzani wa ufashisti, Giustizia e Libertà (Haki na Uhuru). Machi 1943, Mussolini akiwa bado madarakani, wafanyakazi wa viwanda vya Torino waligoma, na mgomo ukaenea Milano na miji mingine, licha ya kwamba kugoma wakati wa vita kungeweza kumfikisha mtu gerezani.

Baada ya Italia kujisalimisha Septemba 1943, waliokwenda milimani na bunduki walitegemea wengi wasio na bunduki. Wanawake walibeba ujumbe, dawa na risasi kwa baiskeli, na walipokamatwa waliteswa sawa na wanaume. Askari wa Kiitaliano zaidi ya 600,000 walizuiliwa katika kambi za Ujerumani, na wengi wao walikataa kuachiliwa kwa sharti la kumpigania Mussolini tena. Huo nao ulikuwa upinzani, ingawa kwa muda mrefu haukuhesabiwa.

Wala wapiganaji hawakuwa Wazungu pekee. Giorgio Marincola, aliyezaliwa Somalia mwaka 1923 na mama Msomali na baba Mwitaliano, aliacha masomo ya udaktari Roma akajiunga na wapiganaji wa msituni. Alipotekwa na kulazimishwa kuisifia serikali redioni, aliulaani ufashisti hewani, akapigwa. Alitolewa kambi ya Bolzano mwishoni mwa Aprili 1945, na badala ya kukimbilia Uswisi akarudi mapambanoni. Askari wa SS wa Ujerumani waliokuwa wakirudi nyuma walimuua tarehe 4 Mei, siku chache baada ya Mussolini mwenyewe kupigwa risasi.

"Vita vilipokwisha, wahalifu waliadhibiwa."

Msamaha wa Juni 1946 uliwafungulia milango mafashisti wengi. Ethiopia iliomba Graziani na Marshal Pietro Badoglio, aliyeongoza majeshi ya Italia katika vita vya Ethiopia, wafikishwe mbele ya mahakama ya kimataifa, na haikusikilizwa. Badoglio alikufa kitandani mwake mwaka 1956. Graziani alihukumiwa miaka 19 mwaka 1950, lakini kwa kushirikiana na Wajerumani, si kwa lolote alilofanya Libya au Ethiopia, na aliachiliwa mwaka huohuo. Mwaka 2012 mji wa Affile, karibu na Roma, ulimjengea mnara wa kumbukumbu kwa fedha za umma, na Waethiopia walioko ng'ambo walikuwa miongoni mwa waliojitokeza kuupinga.