Namba ya konsatina kongwe inasema nini kuhusu umri wake?

Aliyewahi kuagiza gari mtumba kutoka Japani anaijua hii. Namba ya chesisi ya gari lililotengenezwa kwa soko la Japani haina mwaka ndani yake. Isome utakavyo, hutaona 2004 wala 2007. Ni mpaka uiingize kwenye orodha ya mtengenezaji ndipo unapojua lilitoka kiwandani lini. Bila orodha hiyo unachojua ni foleni tu: hili lilikuja nyuma ya lile.

Namba ya mfululizo ya konsatina ni hivyo hivyo. Fundi alimaliza moja akaigonga namba, akamaliza nyingine akaigonga inayofuata. Namba ni nafasi kwenye foleni, na ili igeuke kuwa mwaka lazima pawe na mtu aliyeandika siku.

Konsatina yenyewe ni kinanda kidogo cha kushika mikononi, jamaa wa akodiani tunayoisikia kwenye taarab. Nyingi zina ncha za pembe sita, vitufe kulia na kushoto, mvukuto katikati, na ndani ndimi za shaba au chuma zinazolia hewa ikipita. Mafundi wake wakubwa wa karne ya 19 walikuwa London. Maarufu kuliko wote ni Charles Wheatstone, huyo huyo ambaye wanafunzi wa fizikia humjua kwa daraja la Wheatstone la kupimia ukinzani wa umeme. Hataza yake ya konsatina ni ya 1844.

Kwa Wheatstone mtafutaji ana bahati. Madaftari ya kampuni yake mengi yamesalia. Yako katika Jumba la Makumbusho la Horniman, kusini mwa London, na kurasa zake zimepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti, yeyote anazisoma bure. Unatafuta namba, unakuta mstari wa wino wenye tarehe.

Hata hivyo, tarehe hiyo nayo ina mambo yake. Madaftari ya mwanzo ni ya mauzo: yanaonyesha siku konsatina ilipotoka dukani, na kitu kinaweza kukaa kabatini muda mrefu kabla ya kupata mteja. Ndiyo maana unakuta namba kubwa imeuzwa kabla ya namba ndogo. Tena konsatina moja hutokea zaidi ya mara moja, kwa sababu zilikodishwa, zikarudishwa, zikauzwa upya. Ukiona mstari mmoja usishangilie, tafuta kama kuna mwingine wa mapema zaidi.

Kisha kuna pengo. Madaftari yanakatika 1891, yanaanza tena 1910. Konsatina za katikati hapo, kuanzia namba 21,000 na kitu hadi karibu 25,000, hukadiriwa tu. Hapo lebo husaidia. Duka lilikuwa 20 Conduit Street kwa miaka mingi, kisha mwanzoni mwa karne ya 20 likahamia West Street, karibu na Charing Cross Road. Kwa hiyo namba ya ndani ya pengo yenye lebo ya West Street ni ya nusu ya pili ya pengo hilo.

Shida kubwa iko kwa Lachenal. Louis Lachenal, mzaliwa wa Uswisi, aliwahi kumfanyia kazi Wheatstone kabla ya kujitegemea, na kampuni iliyobeba jina lake ilitoa konsatina nyingi kuliko za Wheatstone. Ilifungwa miaka ya 1930 na madaftari yake hayajapatikana. Hivyo kwa Lachenal kila mwaka unaotajiwa ni makadirio, hata muuzaji akiutamka kwa sauti ya kiapo.

Makadirio hayo hufanywa hivi. Hutafutwa konsatina chache ambazo tarehe zake zinajulikana kwa njia nyingine: ina risiti, ina bamba la zawadi lenye mwaka, au kuna maandishi ya penseli ndani. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, namba 100,000 ina risiti ya 1890 na namba 130,000 ina bamba la 1900. Namba 30,000 kwa miaka 10 ni 3,000 kwa mwaka. Yako ni 112,000, basi imepita ile ya kwanza kwa 12,000, yaani miaka 4: karibu 1894. Neno "karibu" ndilo lenye kazi hapo. Hesabu imechukulia kwamba kiwanda kilikwenda kwa mwendo mmoja, na hakuna kiwanda cha hivyo. Biashara hupanda na kushuka, na vita vya 1914 hadi 1918 vilivuruga karibu kila karakana ya Uingereza.

Mtego wa pili unawakamata wengi. Lachenal hakuwa na foleni moja. Konsatina za Kiingereza, ambazo kitufe hutoa sauti ile ile ukivuta au ukisukuma, zilikuwa na mfululizo wao. Za Anglo, ambazo kuvuta na kusukuma hutoa sauti mbili tofauti, zilikuwa na wao, nao ulipita laki moja. Dueti za Maccann, aina ya tatu ya konsatina iliyopewa jina la mbunifu wake, zilianza upya kutoka chini. Mtu akiona dueti yenye namba 800 husema ni ya miaka ya 1850, ya thamani kubwa hiyo! Lakini hataza ya Maccann ni ya 1884. Kwanza jua aina, ndipo usome namba.

Namba yenyewe kwa kawaida huonekana kwenye kidirisha cha ncha ya kushoto. Usiishie hapo. Ukifungua skrubu za nchani na kuitoa, utaikuta namba ile ile imegongwa tena kwenye ubao unaobeba ndimi na kwenye fremu ya mvukuto. Zikilingana, vizuri. Nje ikiwa 41,000 na kitu na ubao wa ndani ukasema namba nyingine kabisa, umeshika konsatina mbili zilizounganishwa na fundi fulani kuwa moja, na umri unaousoma ni wa nusu yake.

Na wako wasioandika foleni kabisa. Konsatina za Jeffries, familia ya mafundi wa London, zinazotafutwa sana na wapigaji wa Anglo, kwa kawaida hazina namba ya mfululizo. Tarakimu ndogo unazozikuta ndani mara nyingi ni za fundi za kujua kipande kipi kinakwenda na kipi. Kwa hizo hutazamwa jina na anwani iliyogongwa kwenye ncha, kama vile 23 Praed Street, kisha hutafutwa familia hiyo ilifanya kazi hapo miaka gani.