Je, wajua kwa nini bia hukupa joto huku ikikupoza?

Klabu nyingi za kukimbia za Uingereza, baridi ikishashika, hutenga jioni moja ya kuacha saa za kupimia mwendo nyumbani. Kundi hukimbia kilomita moja au mbili hadi baa ya kwanza, nusu painti ya bia (zaidi kidogo ya robo lita), soga, kisha hao, baa ya pili. Desemba jua la London huzama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo mbio zote ni za gizani. Kuchanganya mbio na bia si jambo geni: Hash House Harriers walianza mchezo huo Kuala Lumpur mwaka 1938, na leo makundi yao yapo hadi Nairobi na Dar es Salaam.

Mara yangu ya kwanza nilijiona nimeigundua siri: bia ndiyo mkaa wao. Nilitoka baa ya pili mashavu yakiwaka, koti nimelifunga kiunoni. Kabla ya kuifikia ya nne meno yalikuwa yakigongana.

Si mimi peke yangu niliyeamini hivyo. Njombe mwezi wa Julai hukosi wa kukushauri upige kidogo utoe baridi. Wazungu nao wana yule mbwa wa milima ya Alps mwenye kipipa cha brandi shingoni. Mbwa waliokuwa wakiwaokoa wasafiri walikuwepo kweli. Kipipa ndicho cha kutilia shaka, maana umaarufu wake unatokana na mchoro wa Edwin Landseer wa mwaka 1820. Yaani picha moja imewafundisha watu tiba ya baridi kwa miaka mia mbili, na tiba yenyewe imegeuzwa kichwa chini miguu juu.

Chukua kikombe cha chai ya moto. Ukiwa na haraka unaimimina kwenye kisahani, ienee, ipoe. Sasa kishike kile kisahani: kinachoma vidole. Ungekuwa huna habari ya kikombe, ungeapa kwamba joto limeongezeka. Kumbe unachokisikia vidoleni ni joto linaloondoka.

Damu yako ndiyo chai. Baridi ikiingia, mwili hubana mishipa midogo ya ngozini ili damu ya moto ibaki ndani, kwenye moyo, ini na ubongo. Ndiyo maana masikio na vidole hufa ganzi kwanza. Pombe huilegeza mishipa hiyo. Damu humiminika kwenye ngozi, mashavu huwaka, na kwa kuwa baridi tunaihisi zaidi kwa ngozi, kichwa hupata taarifa kwamba mambo ni shwari. Huku nyuma kikombe kinapoa. Pombe hudhoofisha pia kutetemeka, ambako ndiko jiko la dharura la mwili, na huzuia ini kutengeneza sukari mpya saa ileile miguu inapoitafuna iliyopo.

Hapa lazima nipunguze makali. Kwa nusu painti moja, athari ni ndogo. Katika baadhi ya majaribio, kipimo kidogo cha pombe hakikulishusha joto la ndani kwa kiwango cha maana. Mengi hutegemea umekunywa kiasi gani na umekula nini. Tena anayekimbia ni tanuri linalotembea, maana takriban robo tatu ya nishati inayotumiwa na misuli hugeuka joto. Bia peke yake isingenigonganisha meno.

Kilichonimaliza nadhani ni kusimama. Ukiingia baa tanuri linazimika, fulana imelowa jasho, na kila gramu ya jasho inayokauka huondoka na joto lake. Ukitoka, mishipa iko wazi, fulana ni ya maji, na upepo unakungoja mlangoni. Kama joto la ndani, ambalo kwa kawaida ni nyuzi 37 hivi, litashuka chini ya 35, hiyo ni haipothemia, na hapo ni hospitali.

Kundini mlikuwa na mzee mmoja ambaye kila baa aliagiza bia yake, akaiacha kaunta, akaenda msalani na mfuko wa plastiki, akarudi amevaa fulana kavu. Nilidhani ni utanashati.