Mkandarasi amesajiliwa, kazi imekwisha, hela haijatoka

"Fundi, vuta subira. Mteja bado hajaniingizia."

Hilo ndilo jibu aliloondoka nalo saiti fundi marumaru mmoja hapa Dodoma, baada ya miezi miwili ya kuweka marumaru kwenye hosteli ya ghorofa tatu. Alipofika ofisini kwangu alikuwa na daftari la shule lililojaa vumbi la saruji, simu yenye kioo kilichopasuka, na deni la vibarua sita. Pikipiki aliyokuwa akiendea saiti alikwisha kuiuza ili awalipe angalau nusu ya jasho lao. Aliyemwajiri si mtu wa kubahatisha: ni mkandarasi aliyesajiliwa, mwenye daraja lake, na bango lenye jina la kampuni lilikuwa bado limesimama mbele ya jengo.

Mimi ni mkadiriaji majenzi. Kazi yangu ni kupima kazi iliyofanyika na kusema ina thamani gani. Naeleza tulichokifanya na fundi huyu kwa sababu wakandarasi wadogo wengi, yaani wanaopewa sehemu ya kazi na mkandarasi mkuu, hunijia wakiwa na hasira nyingi na karatasi chache, na mara nyingi wamechelewa.

Nianze na habari ya mteja kutolipa. Mkataba wa fundi ulikuwa kati yake na mkandarasi mkuu. Mteja hakuwamo. Kwa hiyo kuchelewa kwa mteja ni tatizo la mkandarasi mkuu, wala hakufuti deni la fundi, labda kama fundi mwenyewe alikubali kwamba atalipwa pale tu mkandarasi mkuu atakapolipwa. Sharti hilo lipo kwenye mikataba mingi midogo, na watu hulisaini bila kulisoma. Uingereza, ambako mikataba yetu mingi ya ujenzi imechota lugha yake, sheria ya mwaka 1996 iliyoanza kutumika mwaka 1998 iliyaondolea nguvu masharti ya namna hiyo, isipokuwa pale mteja anapofilisika. Huku kwetu, chunga unachokisaini. Ukiletewa sharti hilo, omba liongezwe ukomo: "au siku 45 tangu kazi ipimwe, lolote litakalotangulia." Mkandarasi mkuu mwenye nia njema hatagombana na wewe kwa hilo.

Sisemi kila anayechelewesha ni mwizi. Nimeshuhudia wakandarasi wakubwa wakisubiri malipo ya miradi ya umma hadi wakaweka nyumba zao rehani benki. Lakini kinachoniuma ni kwamba mzigo wote huteremshwa hadi kwa mwenye mtaji mdogo kuliko wote. Duka la vifaa halisubiri, mwenye lori la mchanga hasubiri, anayeambiwa avute subira ni fundi.

Fundi wangu hakuwa na mkataba wa maandishi, na hilo lilimtia hofu kuliko lilivyostahili. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inayatambua makubaliano ya mdomo. Tena kifungu cha 70 kinamtaka mtu aliyenufaika na kazi ambayo haikufanywa bure amfidie aliyeifanya. Kwa hiyo haki ya kudai ilikuwapo. Kilichokuwa kigumu ni kuthibitisha mambo matatu: bei gani, kiasi gani, na nani aliipokea kazi.

Bei tuliipata kwenye simu. Kulikuwa na ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mkandarasi mwenyewe: Sh. 9,000 kwa mita ya mraba, skatingi (ukanda wa marumaru chini ya ukuta) Sh. 2,500 kwa mita, kazi ya mikono tu, vifaa vyote juu yake. Ujumbe kama huo ni ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imefungua njia hiyo, mradi uweze kuonyesha kwamba haukuchezewa. Ndiyo maana nilimwambia asiuze ile simu wala asifute mazungumzo, hata kama picha zimejaa.

Kiasi ndicho kilichokuwa na vita. Daftari la fundi lilisema mita za mraba 1,840. Mkandarasi alisema 1,610. Wote wawili walikuwa wanaamini hesabu zao, na wote wawili walikosea.

Niliomba tupime pamoja, na nilikataa kupima peke yangu. Vipimo vya upande mmoja, hata vikiwa sahihi kabisa, vina tabia ya kubishaniwa hadi mwisho. Tulikwenda Jumamosi asubuhi: mimi, fundi, na msimamizi wa saiti wa mkandarasi mkuu. Chumba kwa chumba, futi kamba mikononi mwao wawili, mimi naandika. Kila ukurasa ukijaa, wanasaini wote wawili papo hapo, kabla hatujapanda ghorofa nyingine.

Kosa la fundi lilionekana mapema. Alikuwa amehesabu maboksi ya marumaru yaliyofunguliwa, siyo eneo lililofunikwa. Vipande vilivyokatwa pembeni na vile vilivyovunjika vilikuwa vimeingia kwenye hesabu yake. Kazi hupimwa ilipolala, upotevu wa vifaa haulipiwi kama eneo. Nilimweleza, akanyamaza kidogo, akakubali.

Kosa la mkandarasi lilikuwa vyooni. Yeye alipima kwenye michoro, na michoro ilionyesha marumaru za ukutani zikipanda mita 1.5. Ukutani zilikuwa zimefika mita 2.1. Mteja ndiye aliyetaka zipandishwe, msimamizi akamwambia fundi kwa sauti ya WhatsApp, fundi akapandisha. Vyoo vilikuwa 30, na kila kimoja kilikuwa na urefu wa kuta wa mita 9 baada ya kutoa mlango. Zidisha kwa sentimita 60 zilizoongezeka: mita za mraba 162. Kazi hiyo ilifanyika, ilionekana, mteja anaifurahia, lakini haikuwa kwenye hesabu ya mtu yeyote aliyekuwa na kalamu.

Hapa ndipo fedha nyingi za wakandarasi wadogo zinapopotelea, kwenye kazi za nyongeza. Unaambiwa "ongeza hapo", unaongeza kwa sababu hutaki kuonekana mbishi, na siku ya malipo aliyekuagiza hakumbuki. Ukiagizwa kwa mdomo, rudisha kwa maandishi siku hiyo hiyo: "Bosi, kama ulivyoniagiza leo, napandisha marumaru za vyoo hadi mita 2.1, bei ile ile." Mistari miwili inatosha. Kama saiti ina daftari la maelekezo, omba iandikwe humo, kisha piga picha ukurasa.

Hesabu ya pamoja ikawa hivi. Marumaru, mita za mraba 1,772 kwa Sh. 9,000, ni Sh. 15,948,000. Skatingi, mita 948 kwa Sh. 2,500, ni Sh. 2,370,000. Jumla Sh. 18,318,000. Alikwisha kupokea Sh. 8,000,000, kwa hiyo baki ni Sh. 10,318,000.

Mkandarasi akasema atashikilia asilimia 10 kama ritensheni. Kwenye mikataba mikubwa ni jambo la kawaida: sehemu ya malipo huzuiwa, nusu ikatolewa kazi inapokabidhiwa na nusu nyingine baada ya kipindi cha matazamio, yaani muda wa kuangalia kasoro baada ya makabidhiano, kasoro zikishafanyiwa kazi. Lakini ritensheni hutokana na makubaliano. Huwezi kuizaa siku ya kulipa. Nilimwomba anionyeshe ilipokubaliwa, hakuwa nayo, tukaiondoa.

Kodi ya zuio, ile anayoikata mlipaji kabla ya kukulipa, ni habari nyingine, na hapo mkandarasi alikuwa na haki. Malipo ya huduma kwa mkazi hukatwa asilimia 5. Ukiwa umefanya ujenzi na vifaa vyako mwenyewe, malipo hugawanywa kwa uwiano wa vifaa 3 kwa huduma 2, na kodi hukatwa kwenye ile sehemu ya huduma tu. Kwenye Sh. 10,000,000 ni Sh. 200,000. Fundi huyu aliuza mikono peke yake, hivyo asilimia 5 ya jumla yote ya Sh. 18,318,000, yaani Sh. 915,900. Ila anayekata lazima akupe cheti cha kodi hiyo, kwa sababu ni kodi yako iliyolipwa kwa jina lako. Fedha iliyokatwa bila cheti kutolewa, idai kama unavyodai malipo mengine.

Ikabaki Sh. 9,402,100. Fundi akaniuliza swali ambalo nalisikia mara nyingi: "Mzee, si tuende Bodi wamnyang'anye leseni?"

Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1997, ina uwezo wa kumchukulia mkandarasi hatua za kinidhamu, na malalamiko yaliyoandikwa vizuri yana uzito. Lakini Bodi si mahakama na haikusanyi madeni ya watu. Tena jiandae kuulizwa kuhusu wewe. Sheria hiyo inamtaka anayefanya biashara ya ukandarasi asajiliwe, na kuna madaraja ya wakandarasi maalumu kwa ajili ya kazi kama hizi. Asiyesajiliwa anamwachia mpinzani wake jambo la kumrushia. Nilimshauri fundi aanze taratibu za kujisajili, deni lilipwe au lisilipwe.

Kuna njia moja aliyoikosa kwa sababu aliajiriwa na mkandarasi mkuu moja kwa moja. Mkandarasi mdogo aliyeteuliwa na upande wa mteja ana kinga zaidi: kwenye masharti ya mwaka 1999 ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, kwa mfano, mhandisi anaweza kudai uthibitisho kwamba amelipwa, na ukikosekana mteja anaweza kumlipa moja kwa moja. Ukiwa na nafasi ya kuteuliwa, itumie.

Sisi tuliandika barua ya madai: kurasa za vipimo zilizosainiwa, hesabu, nakala za ujumbe, na siku 14 za kulipa. Haikuwa na tusi wala kitisho. Barua ilipokelewa na kugongwa muhuri kwenye nakala yetu. Kama isingejibiwa tungekwenda mahakamani. Na kama mkataba wako una kifungu cha usuluhishi, anzia hapo. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, lakini usiyalaze, kwa maana mashahidi wa saiti huhama na simu huharibika.

Siku ya 9 ya barua, mdogo wake fundi alitaka warudi usiku wakabandue marumaru za ghorofa ya chini. Nilimwita ofisini na kumsihi kwa nguvu zangu zote. Marumaru ikishaganda sakafuni ni sehemu ya jengo la mtu mwingine, na kuibandua ni uharibifu wa mali. Anayedai angegeuka mshtakiwa, na zile kurasa zilizosainiwa zisingemsaidia.

Siku ya 13 mkandarasi alipiga simu. Alilipa Sh. 5,000,000 wiki hiyo. Sh. 4,402,100 zilizobaki tumeziandikia makubaliano ya awamu mbili, yenye tarehe na sahihi yake mwenyewe, maana deni lililokiriwa kwa maandishi ni rahisi zaidi kulidai. Awamu ya kwanza imeingia na vibarua wote sita wamemaliziwa hela yao. Cheti cha kodi ya zuio bado hakijaletwa, na nimemwandikia tena mkandarasi juzi.